Kasti Isitupwe Kabla Fundi Hajaitazama



Katika karakana zetu liko neno ambalo kijana hulisikia siku ile ile anapokabidhiwa ovaroli: "Kasti haichomelewi." Huambiwa hivyo na waliomtangulia, naye akiisha kuwa mzee wa kazi huwaambia wanaomfuata. Kipande kikipasuka hutupwa kwenye rundo nyuma ya karakana, na baadaye huja lori la vyuma chakavu likalichukua rundo lote kwa kilo. Sisi nasi tuliliamini neno hilo miaka mingi. Sasa tumeona kwa macho yetu kwamba si la kweli, na tulikoona si kiwandani Mombasa wala Nairobi. Tulionea Mkokoni, mahali ambapo reli haijafika.

Wengi wenu hampajui Mkokoni. Ni kijiji cha wavuvi, Wabajuni, katika Lamu Mashariki. Kiko bara, lakini kimeelekeana na kisiwa cha Kiwayu, na katikati pana mlango mwembamba wa bahari. Maji ya mbele yake yamo katika Hifadhi ya Bahari ya Kiunga iliyotangazwa mwaka 1979. Ukitoka Lamu mjini hupita Mkanda. Kisha hupita upande wa ndani wa kisiwa cha Pate, ukaacha Ndau, ndipo ukafika. Kwa tanga ni safari ya kutwa ukiwa na upepo. Usipokuwa na upepo, usiulize.

Mwenzetu mmoja wa tawi letu, ambaye mamake ni mtu wa huko, alitualika tufuatane naye likizo ya Januari. Yeye ni fundi wa kuchomelea. Twasema fundi kwa kuwa tumeiona kazi yake; karatasi yake ya mshahara yasema ni msaidizi. Jina lake ametuomba tusilipige chapa, na sababu ya ombi hilo mtaiona mbele.

Siku ya pili baada ya kufika, alikuja nahodha mmoja, mtu mzima, akamwamkua mama wa nyumba, kisha akamgeukia mwenzetu. "Mwanangu," akasema, "nasikia wewe ni mtu wa vyuma vya gari moshi. Njoo unitazamie mgonjwa wangu."

"Haya mjomba, twende," mwenzetu akajibu, na chai yake akaiacha.

Mgonjwa mwenyewe alikuwa amelala chini ya mkungu, amefunikwa kipande cha tanga: injini ya dizeli ya silinda moja, ya mashua. Ilikuwa na miguu minne ya kufungia bolti, na mmoja ulikuwa umekatika. Ufa ulikuwa umepanda kutoka pale mguu ulipotoka ukaingia katika mwili wa injini. Injini ya namna hiyo ikifungwa kwa miguu mitatu hutikisika mpaka inaivunja mashua.

Tafadhali fahamuni hali ya watu wale. Kaskazi ndiyo majira yao ya kuvua. Kusi ikianza kuvuma bahari ya nje huchafuka, na siku za kwenda baharini huwa chache. Miezi ya kaskazi hulisha mwaka mzima. Watu sita walikuwa wakiitegemea injini ile, na hiyo ilikuwa wiki ya tatu imelala. Nahodha alikuwa amekwisha kuagiza Mombasa, akaambiwa mwili wa injini hauuzwi peke yake, anunue injini nzima. Bei yake ilikuwa kubwa kuliko mavuno yote aliyoyatarajia kaskazi ile.

Tena mguu ule ulikuwa umekwisha kuchomelewa mara moja, mjini. Hatutaji alichomelewa na nani, maana huyo aliyechomelea alifanya kama alivyofundishwa. Alitumia rodi za kawaida za chuma laini, akachomelea mfululizo kutoka mwanzo wa ufa hadi mwisho, akaupoza kwa maji ili mteja asingoje. Kwa macho ulikuwa mzuri. Siku tisa baadaye, baharini, ulikatika tena. Na tazameni ulipokatikia: mshono wenyewe ulikuwa mzima, lakini kasti iliyokuwa kando ya mshono ilikuwa imetoka kama ganda la yai.

Hapa yatupasa tusimame kidogo tueleze kasti ni kitu gani, kwa ajili ya wale ambao hawakufundishwa. Sisi tulikuwa miongoni mwao, kwa kuwa shule yetu ya misheni ilitufunza hesabu, kuandika barua, na kulima bustani ya mapadre. Ya chuma haikutufunza.

Kasti ni chuma cha kusubu, yaani chuma kilichoyeyushwa kikamiminwa katika kalibu ya mchanga. Tofauti yake na chuma cha pua ni kaboni. Hata chuma kigumu cha reli hakina kaboni ifikayo sehemu 1 katika 100. Kasti inazo sehemu 2 mpaka 4 katika 100. Katika kasti ya kijivu, ambayo ndiyo ya injini na mashine nyingi, sehemu kubwa ya kaboni hiyo hukaa ndani ya chuma kama magamba membamba ya grafiti, ule weusi ulio katika penseli. Ndiyo maana ukivunja kasti uso wake ni wa kijivu, na ukiupitisha kidole, kidole huchafuka. Magamba hayo yana faida. Kasti huyeyuka kwa joto la kiasi cha digrii 1,200, wakati chuma cha pua hutaka kama 1,500, basi ni rahisi kuimimina katika umbo lolote. Huchukua uzito mkubwa ikikandamizwa, hunyamazisha mtikisiko, na silinda yake hustahimili kusuguliwa. Lakini haivutiki. Chuma cha pua ukikivuta hurefuka kidogo kabla ya kukatika, na kasti haina subira hiyo.

Sasa mchomee mtu kasti kwa rodi ya kawaida. Pale penye moto pamepanuka, na pembeni pako baridi hapajatikisika. Mshono unapopoa hujikunyata na kuvuta kasti iliyo jirani. Kasti haiwezi kurefuka, basi hupasuka. Mara nyingi utaisikia ikilia "ti!" ukiwa bado umeshika rodi mkononi, na wakati mwingine hunyamaza ikangoja mpaka chombo kiko baharini. Kisha liko jambo la pili: kasti iliyoyeyuka ikipoa upesi, kaboni yake haipati nafasi ya kujitenga kuwa grafiti, nayo huwa kasti nyeupe, ngumu kama kioo, isiyoingia keekee wala tupa. Kumwagia maji ni kuiita balaa hiyo kwa jina.

Kwa hiyo wazee wetu hawakusema uongo mtupu. Waliona kasti zikipasuka, wakasema haichomelewi. Wangalisema kwamba haichomelewi kwa haraka, tungaliwaunga mkono.

Mwenzetu hakugusa moto siku ile. Kwanza alipiga tindo pembeni ya mguu, kipande kikavunjika chembe chembe, maana chuma cha pua kingejikunja kama unyoya wa randa. Akajua ni kasti. Kisha akaufuta mwili wa injini, akaupaka mafuta ya taa penye ufa, akangoja, akaukausha kwa kitambaa, akasugua unga wa chaki juu yake. Baada ya muda mfupi mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yalianza kupanda katika chaki na kuandika mstari mweusi. Nahodha alishtuka, kwa kuwa mstari ulikuwa mrefu kuliko ufa tulioukuwa tukiuona, umezidi kwa upana wa vidole viwili. Pale mwisho wake mwenzetu alitoboa tundu dogo kwa keekee ili ufa usipate njia ya kuendelea. Hili tundu ni jambo la dakika tano, nasi tumeona kazi za siku tatu zikiharibika kwa kulisahau.

Kisha aliuondoa ule mshono wa zamani wote kwa tindo, akafungua ufa uwe kama mfereji wa herufi V. Msasa wa mwisho ulikuwa wa tupa. Tulimwuliza kwa nini hakutumia grainda, maana kulikuwa na jenereta ndogo. Alisema grainda huipaka ile grafiti juu ya uso wa chuma kama siagi juu ya mkate, na shaba haishiki juu yake. Kisha aliipasha moto mdogo kutoa mafuta. Injini iliyofanya kazi miaka kumi imekunywa mafuta mpaka mfupani; ukiipasha moto hutoka jasho jeusi, unafuta, linatoka tena.

Alichagua kulehemu kwa shaba, hakuchomelea kwa stima. Mitungi ya gesi tulikodi Lamu mjini ikaja kwa mashua, imesimamishwa wima na kufungwa kamba kama abiria asiyeaminika. Shaba ya rodi hizo imechanganywa na zinki, nayo hushika kasti bila kasti yenyewe kuyeyuka. Joto lake ni kiasi cha digrii 900, na kwa kuwa kasti haiyeyuki, haipati nafasi ya kugeuka kuwa nyeupe. Dawa ya kusafishia ilikuwa tinkali, ile ile wanayotumia masonara. Mguu ni mahali pa kufaa kwa shaba, kwa kuwa haupati moto mkali injini ikifanya kazi. Bomba la moshi la injini lingekuwa jambo jingine, kwa sababu shaba hupoteza nguvu katika joto.

Mguu uliokatika na mwenzake wa upande wa pili aliwafunga kwa bolti juu ya pao moja la chuma lililonyooka, ili usije ukashikana hali umepinda. Akachimba shimo mchangani, akalipanga mawe, akawasha makaa ya vifuu vya nazi. Mwili wa injini, umekwisha kuvuliwa kila kitu, ulipashwa polepole kwa muda wa saa mbili, ukigeuzwa. Hakuwa na kipimo cha joto. Alikuwa na kijiti: akikigusisha juu ya chuma kikafuka moshi na kuacha alama nyeusi, alitikisa kichwa kwamba sasa yatosha. Ndipo akawasha gesi.

Hatutaeleza kila tone la shaba. Tutasema lile moja alilotuonyesha, kwa kuwa ndilo siri ya kazi. Shaba ikiwekwa mahali pasipopata joto la kutosha, au palipo pachafu, hujiviringa kama tone la maji juu ya jani la mgomba, na hapo hakuna kiungo, hata ukijaza mlima. Mahali pakizidi joto, shaba huchemka na kutoa moshi mweupe. Mahali pakiwa sawa, hutambaa yenyewe na kukilowesha chuma. Safu ya kwanza iwe nyembamba, itambae kila pahali. Kujaza ni baadaye.

Alipomaliza hatukuruhusiwa hata kupepea. Lilikuwako pipa lililokatwa nusu, limejazwa chokaa kavu, ile ya kuchoma matumbawe ambayo Lamu wamejengea nyumba zao tangu zamani. Injini ilizikwa humo moto wake ungalipo, ikafunikwa chokaa pande zote, na mwenzetu akatandika mkeka kando yake akalala hapo. Watoto walikuja usiku kutazama kama itafufuka. Asubuhi ilikuwa bado moto. Ilipofukuliwa baada ya adhuhuri, ukiweka kiganja unaweza kukistahimilisha, alirudia mafuta ya taa na chaki. Chaki ilibaki nyeupe.

Hiyo ilikuwa Januari. Kabla ya kupiga chapa ukurasa huu tumepigiwa simu kutoka Mkokoni. Kaskazi imekwisha na mguu u mzima.

Habari za mguu zilipoenea, watu walileta kila walichokuwa nacho, na hapa ndipo tulipomheshimu mwenzetu zaidi, kwa yale aliyoyakataa. Mmoja alileta mkono wa injini ya nyuma ya boti. Aliupima mkononi, akasema hii ni aluminiamu, njia yake ni nyingine na vifaa vyake hana. Mwingine alileta kasha la pampu ya maji ya bahari, lenye ufa mwembamba, na umbo lake lote zima. Mwenzetu alichukua kisu cha kukatia chambo akalikwangua. Kisu kiliingia kama katika chaki. Maji ya chumvi yalikuwa yamekwisha kukila chuma chote miaka mingi, yakaacha grafiti peke yake imesimama katika umbo la pampu. Hapo hakuna cha kuchomelea. Mwenye pampu aliudhika, akasema mbona ya nahodha imewezekana. Akajibiwa kwa adabu, na kisu akapewa akwangue mwenyewe. Mabaharia na mafundi wa bandarini, jambo hili lawahusu sana: kasti iliyokaa katika maji ya chumvi ijaribiwe kwa kisu kabla ya mtu kupoteza siku.

Iko njia ya stima pia, nayo mafundi wengi wataihitaji, kwa kuwa si kila mwili wa mashine unaweza kupashwa moto wote. Hapo hutumiwa rodi za nikeli. Ni ghali, lakini nikeli ni laini, hukubali kuvutwa, na mshono wake waweza kutobolewa. Huchomelewa kipande kifupi cha kama inchi moja, stima iwe ndogo. Mara moja mshono hupigwapigwa kwa nyundo ya kichwa cha mviringo ukiwa bado moto, ili utandazike badala ya kujikunyata. Kisha fundi hungoja mpaka aweze kuweka kiganja, akaenda kuchomelea kipande kingine mbali na kile cha kwanza. Kazi ya dakika kumi huwa ya nusu siku. Msimamizi asiyejua hudhani fundi anavuta sigara.

Wako watakaosema kwamba haya ni mambo ya kijijini, na kwamba mashirika makubwa hununua vipya. Na watafute habari za mwaka 1917. Vita Kuu ya kwanza ilipowakuta Marekani hawajaingia bado, meli nyingi za Wajerumani zilikuwa zimejificha katika bandari zao, New York na kwingineko. Mapema mwaka ule, mabaharia wa meli hizo walipoona vita vinakaribia, walishuka katika vyumba vya injini wakazivunja silinda za kasti kwa nyundo na magogo ya chuma. Walijua wanachokifanya. Walijua kasti haivutiki, na kwamba kusubu silinda mpya kubwa namna ile kungekula karibu mwaka mzima. Marekani iliingia vitani tarehe 6 Aprili 1917 na kuzishika meli. Wapo wakubwa walioshauri kusubu silinda mpya. Jeshi la Maji likakubali njia ya mafundi wa kuchomelea kwa stima. Walitia skrubu za chuma cha pua kando ya mipasuko, wakapachika viraka vya chuma, wakachomelea viraka na skrubu pamoja. Mwaka haujakwisha, meli zile zilikuwa zinavusha askari kwenda Ulaya. Rodi za nikeli kama za leo hawakuwa nazo.

Na katika nchi yetu? Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ikafika Ziwa Victoria, Kisumu, mwaka 1901. Kiwanda cha spea kilikuwa Uingereza, na barua ya kuagiza ilikwenda kwa meli. Kila mwenye akili ataona kwamba injini hazikungoja barua. Walikuwako watu waliozitengeneza hapa hapa, na majina yao hayakuandikwa mahali.

Sasa tuje kwetu. Mwenzetu aliyatoa wapi haya? Mnakumbuka kwamba Januari 2022 Serikali ilisimamisha biashara ya vyuma chakavu, baada ya minara ya stima kuharibiwa. Kwa miezi michache lori halikuja, na rundo nyuma ya karakana likawa kama kichuguu. Mzee mmoja aliyekwisha kustaafu, ambaye alikuwa akipita kuwaamkia vijana, alimwambia achukue vipande vya rundo hilo ajifunze baada ya saa za kazi. Alivunja vingi. Cha kwanza kilichoshika kilikuwa kifuniko cha pampu, akakirudisha kazini, na mpaka leo kinafanya kazi.

Mtadhani alipewa asante. Hatutaji karakana wala msimamizi. Alipoomba apandishwe daraja, aliambiwa kwamba kuchomelea kasti si kazi iliyoandikwa katika orodha ya kazi zake, maana yeye ni msaidizi. Lakini pampu ya pili ilipopasuka, aliitwa yeye. Kisha siku moja kipande kilikataa, na barua ya kumwuliza kwa nini ameharibu mali ilimwita fundi. Kazi ikiharibika ni fundi ili aulizwe. Kazi ikinyoka ni msaidizi ili alipwe. Ndiyo sababu ya kuficha jina lake, nasi twajua wako wengine kama yeye katika kila tawi.

Chama hakiombi hisani hapa. Kila mwajiri anayehusika na sheria ya mafunzo ya viwanda hutakiwa alipe shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanya kazi wake, kodi ya mafunzo, nayo haifai kukatwa katika mshahara wa mtu. Mamlaka ya Mafunzo ya Viwanda, NITA, hutoa mtihani wa ufundi wa Serikali, daraja la tatu, la pili na la kwanza. Mwajiri akipeleka watu kwenye mafunzo yaliyokubaliwa, anaweza kudai arudishiwe gharama kutoka katika mfuko huo. Kwa nini basi mtu wa miaka kumi na miwili kazini hajawahi kupelekwa hata daraja la tatu? Wawakilishi wa matawi, ulizeni swali hili kwa maandishi, mwombe jibu kwa maandishi.

Twataka pia kasti yoyote iliyopasuka isiuzwe kwa kilo kabla fundi hajaitazama na kuandika sahihi yake kwamba haifai. Mashine nyingi tunazozitunza ni za zamani, spea zake hazitengenezwi tena, na kila mwili unaoyeyushwa hauna ndugu wa kuchukua mahali pake.

Lakini haki hii ina upande wa pili, na tusiufiche kwa kuwa haupendezi. Fundi akiwa na sahihi ya kusema hiki kinafaa, ni lazima awe na nguvu ya kusema hiki hakifai, na asiadhibiwe. Kipande cha breki, kiungo cha mabehewa, ndoana ya kuinulia mizigo, hivi tukiamriwa kuvichomelea ili gari litoke saa sita, tukatae. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mfanya kazi aripoti hatari iliyo karibu, na mwajiri haruhusiwi kumrudisha katika kazi hiyo mpaka hatari imeondolewa. Ripoti iandikwe, na nakala ije ofisini kwetu siku hiyo hiyo.

Sheria hiyo hiyo yamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga bila malipo. Miwani ya jua ya sokoni si kinga. Mwanga wa stima hukuunguza macho usijue, na usiku ndipo unapoona kana kwamba umetiwa mchanga. Na wanaolehemu kwa shaba wajihadhari na ule moshi mweupe wa zinki. Mtu huuvuta mchana, jioni akashikwa na baridi, homa na maumivu ya viungo, akadhani ni malaria, asubuhi akaamka nafuu, akarudi kuuvuta tena. Maziwa hayauondoi, ingawa kila karakana ina mtu wa kuapa kwamba huondoa. Dawa ni hewa: fanyeni kazi mahali palipo wazi, upepo ukitoka ubavuni, na mashine ya kuvuta moshi iwekwe ndani. Mkokoni upepo tuliupata bure. Karakana yenye madirisha yaliyozibwa kwa mabati haina udhuru.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa tatu asubuhi, mwenzetu amekubali kufundisha nyuma ya ofisi ya tawi, na yule mzee aliyemfundisha atakuwapo akiwa mzima. Nafasi ni ya watu kumi na wawili, wasaidizi watangulie. Kila mtu alete kipande cha kasti kilichovunjika, kisizidi uzito wa mtu mmoja kukibeba, kisiwe cha breki, na kiwe na ruhusa ya mwenye mali. Tindo, tupa na miwani halisi. Mafuta ya taa na chaki vipo. Chokaa kavu tunayo debe moja tu, na debe moja haitoshi, basi anayeweza kupata nyingine amwone karani kabla ya Alhamisi.